Barabara hufuata hesabu ya vichwa: kisa cha kijiji cha Gehlaur, Bihar

Gehlaur ni kijiji cha wilaya ya Gaya, kusini mwa jimbo la Bihar nchini India. Kinajulikana kwa jina la mtu mmoja, Dashrath Manjhi, kibarua wa mashambani aliyekata kilima kwa nyundo na tindo kuanzia 1960 hadi 1982. Alipofariki tarehe 17 Agosti 2007, serikali ya jimbo ilimpa mazishi ya heshima, na mwaka 2016 sura yake ikatolewa kwenye stempu ya posta. Watu husimulia habari zake kama kisa cha mapenzi na uvumilivu, na vyote viwili vimo. Lakini swali linalomhusu mpanga barabara, diwani au mtafiti wa vijijini halijibiwi na ushujaa wa Manjhi: kwa nini njia haikuwepo hapo kabla, na je, kwa kanuni zilizokuja baadaye, serikali ingeijenga?

Jibu la swali la pili ni hapana, na sababu zake zimo katika namna India inavyohesabu watu wake wa vijijini na inavyotafsiri neno "kufikiwa na barabara". Gehlaur inatuonyesha kasoro hizo kwa pamoja.

Kilima na safari mbili

Kilima cha Gehlaur ni mgongo wa mawe uliosimama katikati ya tambarare ya mpunga. Upande mmoja kuna eneo la Atri. Upande wa pili kuna Wazirganj, mji mdogo wenye soko, huduma za tiba, shule na kituo cha treni kwenye reli ya Gaya hadi Kiul. Kabla ya njia ya Manjhi, mtu wa upande wa Atri aliyetaka kufika Wazirganj alikuwa na safari mbili za kuchagua. Azunguke kilima chote, kilomita zipatazo 55, au apande juu kwa miguu na kushuka upande wa pili kwa kijia chembamba chenye mawe yanayoteleza.

Ukimuuliza kijana mwenye nguvu asiye na mzigo, Wazirganj ilikuwa karibu tu. Ukimuuliza mama aliyeshikwa na uchungu wa uzazi, ilikuwa mbali sana. Katika vijiji vya Bihar mgonjwa asiyeweza kutembea hubebwa kwenye kitanda cha kamba, kile wanachokiita khatiya: watu wanne, kila mmoja akishika pembe yake, na wengine wa kupokezana nyuma. Kwenye tambarare kitanda hicho kinakwenda vizuri. Kwenye kijia cha mlimani kinachopitisha mtu mmoja mmoja, watu wanne hawawezi kwenda sambamba. Kitanda kinapinda, mgonjwa anateremkia miguuni, na wabebaji wanalazimika kugeuka na kuzunguka. Kwa hiyo umbali wa kijiji kimoja hadi hospitali ile ile ulibadilika kulingana na hali ya msafiri na alichobeba. Takwimu rasmi za umbali hazisemi lolote juu ya tofauti hii, na walioathirika zaidi ni wale wale wenye haja kubwa ya kufika.

Falguni Devi, mkewe Manjhi, alianguka na kuumia akivuka kilima hicho. Masimulizi ya kilichofuata yanatofautiana kwa tarehe na kwa undani, lakini yanakubaliana kwamba tiba ilikuwa upande wa pili. Manjhi akauza mbuzi wake, akanunua nyundo, tindo na mtaimbo, akaanza.

Hesabu ya jiwe

Njia iliyotokea ina urefu wa mita 110, upana wa mita 9.1 na kina cha mita 7.6 pale ilipozama zaidi. Vipimo hivi vinafaa kuchukuliwa kwa uzito wake. Kama lingekuwa sanduku kamili, ujazo wake ungefika mita za ujazo 7,600. Lakini mkato wa kilima huanza na kina cha sifuri kila upande na kuzama katikati, kwa hiyo makadirio ya nusu yake, mita 3,800, yako karibu zaidi na ukweli. Igawe kwa miaka 22 yenye siku 250 za kazi kila mwaka: inatoka karibu mita 0.7 za ujazo kwa siku. Jiwe gumu lina uzito wa tani 2.6 hivi kwa kila mita ya ujazo, maana yake ni tani 1.8 kwa siku. Na jiwe likishavunjwa huvimba kwa nusu ya ujazo wake au zaidi, kwa hiyo ni toroli 17 hivi za vifusi, kila siku, kwa mtu ambaye pia alikuwa akilima mashamba ya wengine ili ale.

Inasimuliwa kwamba aliwasha kuni juu ya mwamba, kisha akamwagia maji jiwe likiwa la moto. Ni mbinu ya kale ya wachimba mawe, na inafanya kazi kwa sababu uso wa mwamba husinyaa ghafla huku ndani kukiwa bado kumetanuka. Nyufa zinafunguka, na tindo linapata pa kuingilia. Kikwazo chake ni kuni. Mahali penye kilima kikavu, kila moto ni mzigo uliotafutwa na kubebwa.

Mkandarasi mwenye kompresa, mashine ya kutoboa na baruti angeimaliza kazi hiyo kwa miezi michache. Hii ndiyo takwimu inayouma kuliko zote: kazi iliyokula miaka 22 ya mtu mmoja ilikuwa mradi mdogo kwa serikali yoyote yenye bajeti ya barabara.

Umbali kati ya upande wa Atri na Wazirganj ulishuka kutoka kilomita 55 hadi 15. Kwa mtembea kwa miguu wa kilomita 5 kwa saa, saa 11 zikawa 3. Kwa mwenye baiskeli wa kilomita 10 kwa saa, saa tano na nusu zikawa moja na nusu, na hapo safari ikawa ya kwenda na kurudi kabla jua halijatua. Siku moja ndiyo mpaka unaohesabika kijijini. Kibarua asiyeweza kurudi jioni hawezi kuchukua kazi hiyo, na mtoto asiyeweza kurudi jioni hawezi kusoma shule hiyo.

Upana wa mita 9.1 nao una lake la kusema. Barabara ya kawaida ya kijijini inayojengwa na serikali ya India kwenye tambarare ina upana wa mita 7.5 pamoja na mabega yake, na lami yenyewe ni mita 3.75 tu. Manjhi alikata zaidi ya kiwango. Angeweza kuishia kwenye kijia cha mita 2 cha kupitisha kitanda cha kamba, akaokoa zaidi ya robo tatu ya kazi. Alikata njia ya magari kupishana wakati kijijini kwake hapakuwa na gari.

Nani alihesabiwa

Manjhi alikuwa Musahar. Katika Bihar, Musahar ni miongoni mwa jamii zilizosukumwa chini kabisa katika mpangilio wa matabaka. Katika hesabu ya matabaka iliyotolewa na jimbo mwaka 2023 walikuwa asilimia 3 hivi ya wakazi, watu wapatao milioni 4. Wengi mno hawana ardhi. Huishi katika tola, yaani kitongoji, kilichojitenga na kijiji kikuu, mara nyingi upande wa kusini au ukingoni penye ardhi ya chini, nyumba zikiwa juu ya kiwanja cha serikali au cha mwenye shamba wanayemfanyia kazi.

Sasa tuangalie takwimu zinavyokusanywa. Sensa ya India haina kitongoji. Kipimo chake cha chini vijijini ni mauza, kijiji cha kodi ya ardhi, chenye mipaka iliyochorwa na idara ya mapato tangu enzi za ukoloni. Mauza moja inaweza kuwa na vitongoji vitano, na mauza nyingine isiwe na mtu hata mmoja. Ukifungua kitabu cha wilaya cha sensa ya 2011 utakuta kila mauza na safu za usafiri: basi, reli, bajaji, teksi, trekta, mikokoteni ya wanyama, baiskeli za kukodi za magurudumu matatu, barabara ya lami, barabara ya changarawe, barabara inayopitika mwaka mzima, kijia cha miguu. Kama huduma ipo, inaandikwa ipo. Kama haipo, inawekwa herufi ya umbali: "a" kwa chini ya kilomita 5, "b" kwa kilomita 5 hadi 10, "c" kwa zaidi ya 10.

Kasoro hapo ni mbili. Basi likisimama penye soko la kijiji kikuu, mauza nzima inaandikwa ina basi, hata kama kitongoji cha Musahar kiko kilomita 2 nyuma ya majaruba. Na herufi "a" inamchanganya anayetembea mita 600 na anayetembea kilomita 4.8 akiwa na mtoto mgongoni. Mtu anayepanga barabara kwa kitabu hiki anaona kijiji kimefikiwa. Kitabu kimejaza safu zake kama kilivyoagizwa, ila swali lake liliulizwa mbali mno na mlango wa nyumba.

Kanuni za kugawa barabara

Tangu miaka ya 1970, mipango ya barabara za vijijini nchini India imekwenda kwa idadi ya watu. Mpango wa mahitaji ya msingi ulioanza 1974, Manjhi akiwa katikati ya kazi yake, ulilenga kwanza vijiji vyenye watu 1,500 na zaidi. Kitongoji cha vibarua hakikuwa na matumaini ya kuingia humo.

Mabadiliko makubwa yalikuja tarehe 25 Desemba 2000, ulipozinduliwa mpango wa Pradhan Mantri Gram Sadak Yojana, yaani Mpango wa Waziri Mkuu wa Barabara za Vijijini, wenyeji wakiuita PMGSY. Wakati huo, kati ya vijiji na makazi 825,000 ya India, yapatayo 330,000 hayakuwa na barabara inayopitika mwaka mzima. Mpango huu ulifanya jambo la busara: uliacha mauza, ukachukua makazi kama kipimo. Mwongozo wake unayataja kwa majina ya wenyeji, tola, dhani, majra, desam, na kuyaeleza kuwa ni kundi la watu wanaoishi mahali pasipohama. Kwa mara ya kwanza kitongoji kilipata nafasi kwenye karatasi.

Kisha zikaja kanuni. Kwenye tambarare, makazi yawe na watu 500 au zaidi kwa sensa ya 2001. Kwenye milima, jangwa, maeneo ya makabila na wilaya chache zilizotajwa kuwa nyuma kimaendeleo au zenye uasi wa mrengo wa kushoto, watu 250. Makazi yaliyo ndani ya mita 500 yanaweza kujumlishwa ili yafikie kiwango. Na, kwenye tambarare, yawe umbali wa angalau mita 500 kutoka barabara ya mwaka mzima au makazi mengine yaliyokwisha kufikiwa. Vinginevyo yanahesabiwa yamefikiwa tayari.

Tuchukue mfano wa mauza yenye watu 1,400 katika vitongoji vinne, kila kimoja kikiwa zaidi ya mita 500 kutoka kingine: 700, 380, 210 na 110. Kwa kiwango cha 500 ni kitongoji kimoja kinachostahili. Kwa kiwango cha 250 ni viwili. Viwili vya mwisho, watu 320 kwa jumla, haviingii popote. Serikali ya Bihar iliona pengo hilo. Ikaweka mpango wake kwa makazi ya watu 250 hadi 499, na baadaye mwingine kwa vitongoji vya watu 100 hadi 249. Lilikuwa jambo jema. Lakini kila ngazi mpya ilikuja baada ya ile iliyoitangulia, na waliokuwa wadogo wakawa wa mwisho kila mara.

Kanuni inayoihusu Gehlaur moja kwa moja ni nyingine: barabara moja inatosha. Makazi yakishaunganishwa kwa njia moja ya mwaka mzima na mtandao wa barabara, hayapewi ya pili. Mantiki yake inaeleweka, kwani fedha ni chache na kuna ambao hawana hata moja. Lakini kanuni haiulizi barabara hiyo inaelekea wapi. Kijiji chenye njia ya kwenda Atri kimeunganishwa. Kijiji cha upande wa pili chenye njia ya kwenda Wazirganj nacho kimeunganishwa. Mkato unaopita katikati ya kilima kati yao hauunganishi makazi hata moja jipya. Mbele ya kamati ya wilaya mradi huo ungepata alama sifuri, ingawa ndio uliopunguza safari ya hospitali kwa kilomita 40.

Awamu ya tatu ya PMGSY, iliyoidhinishwa 2019 kwa kilomita 125,000, ndiyo iliyogeuza swali. Ilianza kutoa alama kwa njia zinazoyapeleka makazi kwenye masoko ya mazao, shule za sekondari na hospitali. Kwa kipimo hicho mkato wa Gehlaur ungepata alama, miaka 37 baada ya Manjhi kuumaliza, ingawa awamu hiyo ni ya kuboresha barabara ambazo tayari zipo.

Mwezi wa Februari

Kiwango cha watu 500 au 250 kina maana iwapo watu wamehesabiwa. Hapa kuna jambo ambalo anayeijua kusini ya Bihar hawezi kulipuuza: matanuri ya matofali.

Mvua zikiisha na mpunga ukishavunwa, familia za vibarua wasio na ardhi huondoka na kwenda kwenye matanuri, mengine ndani ya Bihar, mengine jimbo jirani la Uttar Pradesh na mbali zaidi. Huondoka mume, mke na watoto, kwa sababu malipo ni kwa kila matofali elfu moja na kila mkono unahesabika: mmoja anakanda udongo, mwingine anafyatua, mtoto anageuza matofali mabichi yakauke. Dalali amekwisha kutoa malipo ya awali wakati wa njaa ya miezi ya mvua, na deni hilo ndilo linalowaweka huko. Msimu unaanza Novemba na kuisha mvua mpya zinapokaribia, mwezi wa Juni.

Makarani wa sensa ya 2011 walipita nyumba kwa nyumba tarehe 9 hadi 28 Februari. Kanuni ya sensa ya India ni kwamba mtu anahesabiwa nyumbani kwake kama atakuwepo hapo walau sehemu ya kipindi hicho. Asiyekuwepo kipindi chote huhesabiwa alipo. Familia iliyo tanurini tangu Novemba haipo kipindi chote. Kama karani wa huko amefika kwenye vibanda vyao, wameandikwa kwenye mauza ya tanuri. Kama hakufika, hawakuandikwa kokote.

Chukua kitongoji cha watu 270 mwezi wa Agosti. Familia sita za watu watano zikiwa tanurini mwezi wa Februari, wanabaki 240. Kitongoji kimeshuka chini ya 250. Kimepoteza barabara kwa sababu watu wake walikuwa kazini, na waliokosekana ni wale wasio na ardhi kabisa. Takwimu hiyo hutumika kwa miaka mingi baada ya hapo. PMGSY ilikuwa bado inagawa kwa sensa ya 2001 wakati ile ya 2011 imekwisha kufanyika. Awamu ya nne iliyoidhinishwa Septemba 2024, yenye lengo la makazi 25,000 na kilomita 62,500 hadi 2028–29, inatumia sensa ya 2011, kwa sababu ile ya 2021 haikufanyika.

Mita mia nne na ardhi ya nani

Kitongoji kilicho mita 400 kutoka barabara kimefikiwa kwa mujibu wa kanuni. Januari ni kweli: mtu anatembea dakika tano juu ya udongo mkavu. Agosti mita zile zile ni tuta la jaruba lenye upana wa nyayo mbili, maji pande zote, udongo wa mfinyanzi unaonata. Trekta ikishuka inazama hadi ekseli. Gari la wagonjwa la namba 102 linasimama kwenye lami na dereva anapiga simu mgonjwa aletwe. Kitanda cha kamba kinarudi kazini, mita 400 gizani.

Dawa ni fupi na ya bei nafuu: kuinua tuta, kulimwagia changarawe, kuweka kalavati moja au mbili. Inashindikana kwa sababu ya ardhi. PMGSY hailipi fidia ya ardhi. Jimbo linatakiwa kuipata, na kwa kawaida wakulima wa njiani huombwa waitoe bure. Kwa kijiji cha wenye mashamba hilo linawezekana, kwani anayetoa ukanda wa mita chache ndiye atakayenufaika, na ardhi inayobaki inapanda thamani. Kitongoji cha Musahar hakina cha kutoa. Kila mita kati yake na barabara ni ya mtu mwingine, na mtu huyo hana faida ya vibarua wake kupata njia rahisi ya kwenda kutafuta kazi mjini. Akikataa, mhandisi anaandika "ardhi haikupatikana" na barabara inaishia mbele ya nyumba ya mwisho ya kijiji kikuu. Ukiona kwenye ramani barabara nyingi za vijijini zinaishia ghafla mita mia kadhaa kabla ya kitongoji, sababu hii ndiyo ya kuulizia kwanza.

Manjhi naye hakuwa na ardhi. Alikata kilima kisichokuwa shamba la mtu.

Barabara yenyewe

Muundo wa barabara ya kijijini nchini India unafuata miongozo ya shirika la Indian Roads Congress na ni wa kawaida: sentimita 30 za juu za tuta la udongo zinashindiliwa vizuri, juu yake tabaka la changarawe, kisha matabaka mawili ya kokoto yaliyoshindiliwa kwa maji, kila moja milimita 75, na juu kabisa lami ya milimita 20 tu. Lami hiyo ni nyembamba kuliko upana wa kidole gumba. Kazi yake ni kuzuia maji, haibebi uzito. Maji yakipenya chini, kokoto zinalegea na barabara inabomoka kuanzia ndani.

Yanayoiua ni yale yale kila mahali. Mgongo wa barabara, ambao unapaswa kushuka kama sentimita 3 kwa kila mita kutoka katikati, unamalizwa ukiwa bapa, na maji yanasimama. Wakulima wanalima hadi kula mabega, na kingo za lami zinavunjika kwa kukosa egemeo. Matrekta ya mchanga yenye tela lililojaa kupita kiasi hupita juu ya lami iliyopimiwa magari machache kwa siku. Ndani ya kijiji, maji ya bomba la mkono na ya kuogea hutiririka barabarani mwaka mzima. Ndiyo maana sehemu inayopita katikati ya nyumba hutakiwa iwe ya zege yenye mtaro, na anayebadilisha zege kuwa lami ili kuokoa fedha atairudia kazi baada ya mvua mbili. Mkandarasi anafungwa na mkataba wa matengenezo wa miaka 5. Mwaka wa sita ndio wa kuangalia kwa makini.

Baada ya lami

Barabara ikishafika, nini hubadilika? Wanauchumi Sam Asher na Paul Novosad walilinganisha vijiji vilivyozidi kidogo kiwango cha idadi ya watu cha PMGSY na vile vilivyopungua kidogo. Miaka minne baada ya barabara, badiliko kubwa lilikuwa watu kutoka kwenye kazi za kilimo kwenda kazi nyingine. Mavuno, kipato na mali za nyumbani havikuonyesha mabadiliko makubwa. Matokeo hayo yamewavunja moyo wengi, lakini kwa kitongoji cha wasio na ardhi yana maana nzito. Asiye na shamba hanufaiki kwa bei nzuri ya mpunga. Ananufaika anapoweza kumwambia mwenye shamba kwamba kesho anakwenda mjini.

Na barabara bila chombo cha kupandia ni nusu ya kazi. Bajaji huondoka ikijaa, kwa hiyo mahali penye abiria wachache husubiri saa nzima, na jioni mara nyingi haipo. Bihar yenyewe imetoa mfano mzuri wa kuziba pengo hilo. Tangu 2006 jimbo lilianza kumpa kila msichana aliyeingia darasa la 9 rupia 2,000 za kununua baiskeli. Utafiti wa Karthik Muralidharan na Nishith Prakash ulionyesha kuwa uandikishaji wa wasichana wa umri huo uliongezeka kwa asilimia 32 na pengo kati yao na wavulana likapungua kwa asilimia 40, faida ikiwa kubwa zaidi kwenye vijiji vilivyo kilomita 3 au zaidi kutoka sekondari. Lakini baiskeli haipandi kilima cha mawe. Msichana wa upande wa Atri aliye karibu na mkato wa Gehlaur anaweza kuifikia sekondari ya upande wa pili kwa baiskeli hiyo kwa sababu mkato upo, na lami ambayo serikali iliitandaza baada ya kifo cha Manjhi inapita hapo hapo.

Anayetaka kujua kama kitongoji kimefikiwa kweli aanze kwenye mlango wa nyumba ya mwisho, wala asianzie kwenye ofisi ya panchayati, baraza la kijiji. Apime hatua hadi penye lami, apime tena Agosti. Aulize bajaji ya mwisho inaondoka saa ngapi na mgonjwa wa mwisho alitolewaje. Atafute jina la mwenye ardhi iliyo kati ya kitongoji na barabara. Kisha awahesabu watu mara mbili, mara moja wakiwa wamerudi kutoka matanurini na mara moja wakiwa hawapo, na tofauti hiyo aiandike kwenye ripoti yake.

Sensa mpya ya India imetangazwa kwa tarehe ya rejea ya 1 Machi 2027, na kwa mara hii matabaka yote yataandikwa. Katika tambarare za Bihar makarani watapita tena mwezi wa Februari.